Sikio la Mama Jiko

Mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni, ambaye kila mtu alimwita Mama Jiko, hakuwa mtu wa kuchungulia karai. Alikaanga chipsi akiwa amelipa jiko mgongo, anakata vitunguu na kupiga soga. Mafuta yakipunguza kelele, anajua zimeiva, anageuka na kuopoa.

Asubuhi hiyo, saa ya chai, aliopoa mara mbili, na mara zote sahani zilirudishwa.

"Mama Jiko, ndani ni mbichi!" alilalamika jamaa wa kupakia maboksi. "Leo umetugeuza sungura?"

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, kisha akageuka kuchungulia karai. Alikuwa na hakika mafuta yamenyamaza, na kumbe yalikuwa bado yanachemka kwa fujo. Bila masikio nani angemwacha jikoni?

Akapanda zahanati ya kiwanda. Daktari alimpima sikio, kisha akamtoboa kidole.

"La kushoto limefifia, mama. Na lehemu iko juu. Mafuta yakizidi kwenye damu, huenda yakabana vimishipa vinavyolisha sikio la ndani. Siwezi kuapa, pengine ni kelele za mashine tu. Ila vya kukaanga acha."

"Mwanangu, nakula ninachopika. Na meneja kasema chipsi kila siku, na mafuta yasimwagwe mpaka yaishe."

Daktari akatupia jicho ukutani. Bango kubwa lilimwonyesha meneja huyohuyo akitabasamu, tango mkononi: PUNGUZA MAFUTA, LINDA AFYA YAKO. Wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

"Niazime bango hilo," alisema Mama Jiko.

Mchana karai halikubandikwa. Alichemsha viazi, akivichoma kwa uma kuhakikisha, akavichanganya na nyanya na ndimu. Foleni ilirudi mara ya pili.

Meneja akaja amefura. "Nani kakuruhusu kuchemsha?"

Mama Jiko alinyoosha upawa kuelekea bango, sasa likiwa ukutani mwa kantini. "Wewe, baba."

Kantini nzima ilicheka. Meneja akaitazama picha yake, akaibandua, akaikunja na kuibana kwapani.

"Kesho chipsi!" alifoka.

Mama Jiko alimsikia vizuri kabisa. Hata hivyo akamgeuzia sikio la kushoto, akamjazia sahani.

"Haya, baba. Kesho nachemsha maharage."