Mke Mwenza Mwenye Pembe Mbili

Usiku wa kuamkia jana Nakijwa aliota amekwenda hifadhini kumwona mwanamke anayemnyang'anya mume. Mwanamke huyo alikuwa kifaru, na jina lake Johari.

Alilala vibaya, ndiyo maana. Mumewe, Elinihaki, askari wa wanyamapori, alikuwa amepanda mlimani kuja nyumbani likizo, na kabla hata chai haijapoa akatangaza kwamba asubuhi anaondoka tena.

"Johari hataki kula, Mama Nanzia. Wenzangu wamepiga simu. Vifaru weusi wamebaki wachache, tukimpoteza huyu itakuwaje?"

Majuzi Nakijwa mwenyewe alilazwa na homa, na simu ya kumuuliza amekula nini haikulia. Akageukia ukutani, akalala na donge lake.

Ndotoni alijikuta langoni mwa hifadhi. Bango limeandikwa: MGENI, ACHA NYAYO TU.

"Zivue," lango likamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Nakijwa akainama, akazivua nyayo zake kama mtu anavyovua kandambili, akazipanga kando ya ukuta. Zilikuwa zimechakaa kisiginoni. Aliona aibu kidogo.

"Wa aina yako mko wangapi?" lango likauliza.

"Aina gani?"

"Wake wa Elinihaki."

"Mmoja."

Bawaba zikalia kwa mshangao. "Mmoja tu! Na unatembea hivi hivi, bila askari, bila uzio?"

"Ndiyo hivyo."

"Pole, mama. Pita. Ila usimsogelee mnyama."

Anapita. Anatembea bila nyayo, na vumbi halina habari naye. Darubini aliyopewa na lango inamnong'oneza, "Usinitie machoni. Nitakachokuonyesha kitakuuma." Anaitia machoni. Anamwona Johari ameketi juu ya kigoda, amejifunga kanga iliyomfika nusu ya tumbo. Kigoda ni cha Nakijwa. Kanga ni ya Nakijwa. Na jiko lile, kwa masizi yake, ni la Nakijwa. Nyuma amesimama Elinihaki na bunduki, analinda sufuria.

Anashusha darubini, na tayari yumo jikoni.

"Karibu, mke mwenzangu," akasema Johari.

"Hiyo kanga yangu."

"Inanibana."

"Si uivue!"

"Siwezi. Mimi mnyama ninayelindwa. Hakuna anayeruhusiwa kunigusa, hata mimi mwenyewe."

Wivu ukampanda Nakijwa mpaka masikio yakawaka moto. Akamgeukia mumewe. "Baba Nanzia, mimi nilipoumwa ulikuwa wapi?"

Elinihaki hakugeuka. Kanuni inasema askari asimwondolee kifaru macho, na macho yake yalikuwa yamehama usoni kabisa, yametua mgongoni mwa Johari kama ndege wawili wanaotafuta kupe.

"Umeona?" akasema Nakijwa. "Hata macho kakuachia wewe."

"Macho!" Johari akapiga chafya, vyombo vikatikisika. "Chukua macho yake, na mdomo wake uchukue pia. Nimekaa na mtu huyu masika na kiangazi, hana hadithi nyingine. Mama Nanzia akipika ndizi hufunika sufuria kwa jani la mgomba. Mama Nanzia akikosea wimbo, kwaya nzima inacheka. Mama Nanzia ana homa, naogopa kupiga simu, nikisikia anavyokohoa nitaitupa bunduki nikimbilie nyumbani. Mama Nanzia, Mama Nanzia! Mwanamke gani angekula chakula kikashuka?"

Nakijwa akaketi sakafuni. Hakujua acheke au amzabe kofi.

"Kwa hiyo huli kwa sababu yangu?"

"Kwani wewe hulali kwa sababu ya nani?"

Nakijwa akaona mgunga wenye miiba mirefu umechipua katikati ya mafiga. Akavunja tawi, akamnyooshea.

"Wageni hawaruhusiwi kulisha wanyama!" lango likapiga kelele kutoka mbali.

"Mimi si mgeni," akasema Nakijwa. "Mimi ni mke mwenza."

Johari akalipokea kwa mdomo wake wa juu uliochongoka. Alitafuna taratibu, akimkazia jicho, kama mtu anayekula nyumbani kwa adui kwa kuwa njaa imemshinda.

"Akwambie mwenyewe," alisema huku kinywa kimejaa. "Mimi si redio."

Nakijwa akashtuka. Kumekucha. Elinihaki ameketi ukingoni mwa kitanda na simu mkononi.

"Wamepiga tena," alisema. "Johari amekula alfajiri hii. Basi siondoki."

Nakijwa akavuta shuka ainuke, akaguta, "Aii!" Kitu kilikuwa kimemchoma kidole gumba. Elinihaki akaushika mkono wake, akachomoa mwiba mrefu mweupe, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Kule mlimani ni migomba na kahawa mtindo mmoja. Hakuna mgunga hata wa kufukuzia kuku.

"Mama Nanzia, huu umeutoa wapi?"

"Anza wewe," alisema Nakijwa, bila kuuondoa mkono wake. "Nieleze kwa nini uliogopa kusikia ninavyokohoa."

Maneno hayo Elinihaki hakuwahi kumwambia binadamu yeyote.