Nundu ya Profesa Tezel

Ukurasa wa arobaini na moja ndio uliomponza Nurhayat.

Jopo la watu watano lilikuwa limeketi katika chumba cha mitihani, pale Ankara, chai ikiwapoea mezani. Akifaulu, angepanda cheo na kuukaribia uprofesa. Akishindwa, angebaki mhadhiri vilevile, baada ya miaka kumi na miwili ya kuandika programu za kukokotoa jinsi mawimbi ya redio yanavyogonga chuma na kutawanyika.

Mwenyekiti alikuwa Muzaffer Tezel, mwalimu wake mwenyewe. Zamani Tezel alitangaza kwamba grafu ya mawimbi yanayorudi kutoka kwenye chombo cha chuma kilichofungwa huwa na nundu mahali fulani. Nundu ikapewa jina lake, wanafunzi wakaikariri. Ukurasa wa arobaini na moja wa kazi ya Nurhayat ulisema nundu hiyo haipo.

"Mwanangu," Tezel alisema kwa upole, "kazi yako safi. Ondoa ukurasa huu mmoja tu, tutie saini, twende tukale."

Nurhayat alikuwa na sauti ndogo. Hata dukani kwa mwoka mikate hurudia mara mbili ndipo asikike.

"Siwezi, Mwalimu."

"Huwezi au hutaki?" Profesa Handan wa jopo akadakia. "Au ulimi umeusahau kwenye kompyuta?"

Wenzake wakacheka. Nurhayat akainuka, akachora duara ubaoni.

"Hili tufe la chuma. Jibu lake tunalipata kwa kalamu tu, na halina nundu. Nikalipitisha kwenye njia yako ya kukokotoa, Mwalimu. Nundu ikatokea."

"Imetoka wapi?" Tezel akauliza.

"Ndani. Tufe ni tupu, lina mlio wake kama chungu. Wimbi la nje halifiki humo, lakini kwenye masafa hayo hesabu yetu inachanganya ndani na nje."

"Yetu?"

"Yetu. Hata mimi niliitumia miaka sita. Makala zangu tatu nimeziandikia masahihisho."

Tezel akavua miwani. "Nimekulea, Nurhayat. Watu watasema mwanafunzi kamla mwalimu wake."

"Waseme. Mimi nimelileta jambo hili mbele yako, sikukusengenya huko nje."

Wakamtoa. Robo saa baadaye wakamwita: kura tatu kwa mbili, ameshindwa. Arudi mwakani, kazi ikiwa imerekebishwa.

Akaubusu mkono wa mwalimu wake, akaugusisha kwenye paji la uso, kama ilivyo ada. Tezel hakuuvuta.

"Ule ukurasa utaurekebisha?"

"Nitauongezea kurasa, Mwalimu."

Koridoni machozi yakamtoka. Akayafuta kwa kiganja, akashuka ngazi hadi darasani, wanafunzi wa mwaka wa tatu walikokuwa wakimngoja.

"Fungueni madaftari," akasema, na safari hii hakurudia. "Somo la wiki iliyopita, ile nundu. Ikateni."

"Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

"Itatoka. Na atakayenichorea nundu hapati hata alama moja."