Halua ya Sleyum

Asubuhi moja redio ilimweka Sleyum hewani awafundishe vijana siri ya mafanikio. Akasema siri ni kujituma. Akasema yeye alianza na sufuria moja tu na mwiko. Niliizima redio kabla sijaivunja.

Sufuria yenyewe ni ya shaba, haibebwi na watu wawili, na babu yake alikuja nayo kutoka Maskati. Imekaa katika duka la wakfu pale Ngamiani, duka la ukoo wao, halidaiwi kodi. Mwiko ndio nilioushika mimi Badru, Mdigo wa Nguvumali, miaka na miaka, nikikoroga halua mpaka mabega yanawaka, yeye kakaa mbele anapokea salamu. Hilo hakulitaja redioni.

Mwaka huu nikaacha kazi kwake, nikafungua jiko langu Nguvumali. Samli ileile, iliki ileile, zafarani ileile. Watu walisimama, wakavuta harufu, wakauliza, "Ya kina nani hii?" Nikisema yangu, wananitazama usoni. "Kwani wewe kwenu wapi?" Kwetu Mkinga. "Aa." Wanapanda baiskeli zao wanakwenda Ngamiani. Na wengi wao ni Wadigo wenzangu. Wameshakubaliana kwamba halua ni ya Waarabu, na mwingine yeyote akiipika anajifanya.

Ndiyo maana niliweka tumaini langu lote kwenye posa ya dada yangu Nasra. Wageni walikuwa wanatoka Pangani, watu wenye harusi kila mwezi na ndugu kila mtaa. Wakiipenda halua yangu wataagiza, na jiko litasimama. Wasipoipenda, nafunga, narudi kwa Sleyum kuomba mwiko. Mama aliniahidi mbele ya Nasra kwamba halua ya posa nitapika mimi.

Nilipika tangu alfajiri. Nikaipeleka jikoni kwa mama, nikaenda kuoga na kuvaa kanzu.

Nilipotoka, wageni walikuwa wameshakaa barazani, na mbele yao makopo meupe yenye jina la Sleyum. Nikaingia ndani.

"Mama, umekwenda kununua kwa Sleyum?"

"Punguza sauti. Sijanunua. Ni yako hiyo." Alikuwa anafuta mikono, ametulia kabisa. "Makopo nimeazima kwa Mwamvua jirani, yalikuwa matupu. Wale lazima wangeuliza ya nani, mwanangu. Unataka dada yako aolewe kwa aibu?"

"Aibu ni mimi?"

"Usinitafutie maneno leo."

Nilirudi barazani. Shekhe Suleimani, mjomba wa mwoaji, alikuwa anakula kwa raha zake. "Hii ndiyo halua," akasema. "Waarabu Mungu kawajaalia mkono. Sisi tukijaribu inakuwa uji." Wenzake wakacheka, naye akachota tena.

Sikuweza kuvumilia. "Shikamoo, mjomba. Hiyo nimeipika mimi, leo, jikoni kwangu."

Mkono wake ukasimama. Akaitafuna iliyokuwa mdomoni polepole, kama mtu anayetafuta mchanga kwenye wali. "Kumbe," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa naona samli imezidi."

Aliyekaa kando yake akasukuma kopo mbali. "Na imelegea mno," akasema, na kopo lenyewe alikuwa kashalimaliza.

Wageni wote wakanigeukia. Wakaanza kuitazama kanzu yangu, kisha kuta zetu, kisha wakatazamana wao kwa wao. Nilitaka kuwafukuza, wallahi, na posa yao.

Ndipo mama akasema kutoka nyuma ya pazia, kwa kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho: "Msimsikilize huyo, anapenda utani. Ya Sleyum hiyo. Nimeiagiza mwenyewe asubuhi."

"Ahaa," akasema Shekhe Suleimani, akalivuta kopo.

Walikula mpaka wakakwangua. Walipomaliza, Shekhe akaomba namba ya simu ya Sleyum, wana harusi nyingine mfungo mosi, Ramadhani ikiisha.

"Badru anayo," mama akasema. "Mpe mjomba wako, mwanangu."

Nasra alikuwa anachungulia pembeni ya pazia, macho yamejaa machozi. Nikamtajia Shekhe namba ya Sleyum, naye akairudia mpaka akaridhika. Tangu siku hiyo mimi na mama ni shikamoo na marahaba tu.