Siku ya Mwisho ya Mguu wa Shemeji

Walitakiwa kumkata mguu Jumanne. Asubuhi hiyo nesi akaja na habari kwamba mashine ya kuchemshia vifaa vya upasuaji imeharibika, kwa hiyo itakuwa Jumatano. Shemeji yangu alikuwa ameketi kitandani na joho la hospitali, hajala tangu jana yake. Akamtazama nesi, kisha mimi.

"Basi leo ni mapumziko," akasema. "Nitafutie suruali yangu."

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Ni fundi wa mapaa, na kwa miaka thelathini alitembea juu ya nyumba za watu kama wengine wanavyotembea uani. Kisukari kilimtia ganzi miguuni polepole, mpaka akawa hajui kama amevaa kiatu au hajavaa. Kisha vidole vitatu vya mguu wa kulia vikageuka vyeusi, vikakauka. Daktari alitaka kukata chini ya goti kabla uozo haujapanda. Goti likibaki, alieleza, mguu wa bandia humkaa mtu vizuri. Shemeji alimsikiliza kwa adabu, akaikunja fomu ya kukubali upasuaji na kuitia mfukoni. Alisema ataitia sahihi mlangoni, akiwa anaingizwa.

Dada alibaki nyumbani na watoto, akanituma mimi. Maneno yake yalikuwa machache: "Asirudi na mguu ule. Akirudi nao, nitamzika nao."

Nesi alituruhusu kutoka mpaka saa kumi jioni. Bendeji ilifunika vidole tu, kisigino kilikuwa wazi ndani ya kandambili pana, naye alitembelea mkongojo. Akaniagiza kila saa nimvue, niinue mguu, nitazame unyayo wote. "Yeye hatakwambia," alisema. "Mguu wenyewe haumwambii kitu." Mimi ni mtunza stoo, nimezoea kuandika. Nikachora mistari katika kijidaftari, nikaandika saa tatu mpaka saa kumi, na mbele ya kila saa nikaacha nafasi.

Mji ule ni wa kale na watu husafiri siku nzima kuja kuuona. Tulikuwa tumekaa humo siku tisa, tukaona wodi na duka la dawa tu. Tukaanza na jumba la mfalme, lililokuwa karibu. Mtembezaji wa wageni alituonyesha kitanda cha mfalme, kiti chake, na beseni alilonawia. Wenzetu walitazama kitanda. Shemeji alitazama dari.

"Huyu bwana alikuwa ananyeshewa," akasema.

Mtembezaji akaacha kusema. "Nani?"

"Mfalme. Tazama doa lile. Maji yanaingilia kwenye kofia ya paa, yanatelemka na boriti, yanamdondokea hapo kifuani. Hakuwa na fundi?"

Watu wakacheka, na mtembezaji naye akacheka. Nilikuwa sijamsikia shemeji akitania tangu tulazwe. Nasema tulazwe kwa sababu nililala sakafuni kando ya kitanda chake.

Saa nne nilimtazama unyayo, nikaandika: sawa. Saa tano, juu ya benchi chini ya ukuta wa mji, nikatazama tena na kuandika vile vile. Mbele yetu kulikuwa na mnara wa mawe, mwembamba, na mlangoni mwanamke anauza tiketi.

"Ngazi ngapi, mama?" shemeji akamuuliza.

"Mia na kumi na nne. Lakini wewe mzee na mkongojo huo, kaa hapo chini, upepo ni ule ule."

Akanigeukia. "Nikifika juu kwa mguu huu, haukatwi."

"Na usipofika?"

"Natia sahihi leo leo. Wewe ndiye shahidi."

Nilikubali. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na bado naona hesabu yangu haikuwa ya kijinga: nilijua hatavuka ngazi ya thelathini, na nilitaka jibu limtoke mwenyewe, lisitoke kwa daktari wala kwa dada.

Kabla ya mlango wa mnara kulikuwa na ua ambamo mafundi wawili walikuwa wakiezua banda. Mabati ya zamani yalilazwa chini, na mapya yalianza kupigiliwa. Shemeji akaingia humo moja kwa moja, akayapita mabati, akasimama chini ya mafundi.

"Nani kakufundisha kupiga msumari bondeni mwa bati?" akamwambia aliyekuwa juu. "Maji yanapita bondeni. Piga mgongoni."

"Panda utuonyeshe, mzee."

"Ningepanda. Leo nina miadi na mnara."

Akazunguka zunguka pale kama robo saa, akigonga mbao, akiwaeleza habari za kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Mafundi waliacha kazi wakamsikiliza. Uso wake ulikuwa uso wa mtu mzima wa afya.

Ilipofika saa sita tulikuwa kwenye foleni ya mnara, watu mbele na nyuma. Nikainama.

"Shemeji, niache," akasema kwa sauti ya chini. "Usininyanyue mguu mbele za watu kama ng'ombe wa mnada."

Nikasimama wima. Nikatoa kalamu, nikaandika: saa sita, sawa.

Ngazi zilizunguka ndani ya mnara, nyembamba, na mwanga ulitoka kwenye vitundu vidogo. Alinitaka nitangulie. "Ukiwa nyuma utanisukuma, halafu dada yako aseme nilibebwa." Nikatangulia, nikihesabu kimoyomoyo. Thelathini ikapita. Kwenye sitini tulipumzika, akihema. Kwenye tisini aliniambia nikikaa tena atanikanyaga. Tulipotokea juu, alishika ukingo wa jiwe kwa mikono miwili.

Mji wote ulikuwa mapaa. Akaanza kuyasoma moja moja: lile linavuja, lile lina mwaka mmoja tu, lile fundi wake mwizi wa misumari. Kisha akasema, "Nimeshinda, shemeji. Kesho tunapanda basi."

Nilikuwa nimekubali mwenyewe.

Wakati wa kushuka nilitangulia tena, safari hii ili akiteleza aniangukie mimi. Kwenye ngazi ya tatu au ya nne niliona alama nyeusi, mbichi, umbo la nusu ya kisigino. Iliyofuata nayo ilikuwa na alama, upande ule ule.

"Kuna mtu kaumia humu, maskini," shemeji akasema nyuma yangu. "Angalia usikanyage."

Nikasimama. Nikageuka, nikamtazama mguu. Akanitazama nikitazama, na akaelewa.

Akaketi. "Vua," akasema.

Nilivuta kandambili, haikutoka. Nikainua mguu kwenye mwanga wa kitundu. Chini ya mpira kulikuwa na kofia ya msumari wa bati. Misumari ile ikianguka hukaa juu ya kofia yake, ncha imeelekea mbinguni. Kandambili ilikuwa imepigiliwa kwenye kisigino chake.

"Inchi mbili na nusu," alisema alipoiona kofia. Alitamka kwa sauti ya kazini.

"Hukusikia kitu?"

"Hata kidogo. Saa sita uliangalia?"

"Niliandika tu."

Wageni waliokuwa wakipanda walitufikia, wakaona damu, wakarudi nyuma. Shemeji alitoa fomu mfukoni, akainyoosha juu ya paja. "Lete kalamu hiyo," akasema, akatia sahihi palepale.

Hospitali waliutoa msumari, wakamwosha, wakamchoma sindano. Usiku alipata homa. Asubuhi wekundu ulikuwa umepita muundi na kufika gotini, na daktari akasema sasa itakuwa juu ya goti, na fomu nyingine inahitajika. Nilimuuliza kama ni msumari. Alifikiri kidogo. "Huenda. Huenda pia uozo ungepanda bila huo msumari. Siwezi kukuambia."

Shemeji alitia sahihi ya pili bila kusoma. Kitanda kilipoanza kusukumwa alinishika mkono. "Mwambie dada yako mimi ndiye niliyekataa kuangaliwa."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa nusu. Nikatoka barazani, nikampigia dada, nikamwambia yote: mnara, dau, saa sita, nilichoandika, na goti. Niliwasikia watoto nyuma yake wakigombania kitu.

"Juu ya goti," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Ngoja, nitakupigia. Nawavalisha watoto."

Hakupiga mpaka jioni. Alipopiga aliuliza kama ameamka na kama ameweza kunywa maji. Nikamwambia ameamka. Akaniomba nimpe mumewe simu, nikampa, nikatoka nje ya wodi ili waongee.