Kipengele cha Saba

Tangu Kidoti awe wa kwanza katika mtihani wa hesabu wa shule zote za wilaya, nyumba yao ilikuwa inatafuta mwenye akili. Akili yenyewe ilikuwepo, imelala kifudifudi kitandani na kitabu, ina umri wa miaka kumi na mmoja na doa jeusi shavuni lililompa jina lake. Aliyetafutwa ni mwenyewe. Nani kaitoa? Imetoka upande upi? Ungedhani kuna pochi imeokotwa njiani, na sasa watu wanapigana vikumbo kudai kuwa ni yao.

Mama yake, fundi cherehani mwenye kibanda mbele ya nyumba, hakuwa na shaka hata kidogo. Kwanza alimtazama mumewe. Ukishamtazama huyu, alijiambia, nusu ya swali imejibika.

Mumewe alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya serikali. Wenzake walimwita Jalada, jina ambalo maskini yeye alilichukua kama sifa. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa anapokea barua, anazigonga mhuri wa IMEPOKELEWA, anazitoboa matundu mawili, anazifunga kwa kamba ndani ya jalada na kuzipa namba. Kuzisoma hakuzisoma. "Kusoma si kazi ya masijala," alikuwa akisema, na kifua kinamtuna. Nyumbani nako aliweka majalada: jalada la kadi za kliniki, jalada la vyeti, jalada la redio iliyotupwa zamani. Na alikuwa na kanuni moja ambayo asingeivunja hata nyumba ikiwaka moto: karatasi halisi ikishaingia kwenye jalada haitoki. Anayeitaka apewe nakala.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyedai kwamba mtoto kamrithi yeye.

"Hesabu ni mpangilio," alimwambia mkewe kila jioni. "Mtoto ana mpangilio. Wewe futi iko shingoni mwako, unaitafuta chini ya meza."

Mkewe alimwacha aseme mpaka pumzi imwishie. Kisha, bila kuondoa mguu kwenye cherehani, alimuuliza neno lake moja, lile la miaka yote.

"Umemaliza?"

Alilisema polepole, kwa upole wa kuudhi, kama mtu anayemsubiri mtoto ashuke kwenye choo. Jalada alinywea, akaenda kupanga majalada.

Hoja ya mama ilikuwa nyingine. Yeye alikata nguo kwa jicho. Mteja akiingia mlangoni, kabla hajasema hujambo, ameshapimwa mabega na kiuno. Kidoti alikulia chini ya meza ya kukatia, akipanga vipande vya vitambaa, pembetatu na pembetatu, mpaka sakafu ikajaa bila pengo. Kama hiyo si hesabu, hesabu ni nini? Habari za gauni la mke wa daktari, lililotoka na mikono miwili ya kushoto, hakuna aliyeziuliza, naye hakuona sababu ya kuzitaja.

Jumanne jioni Kidoti alikuja kibandani na karatasi za shule.

"Mama, weka sahihi hapa. Na hapa."

Mama aliweka, mkono mmoja umeshika kalamu na mwingine umeshika upindo. Hakuinua macho. Mteja alikuwa anasubiri, na karatasi za shule hazina mwisho.

Jumatano Kidoti aliweka fomu juu ya meza ya sebuleni. Ilikuwa ya shule ya bweni ya watoto wenye vipaji, na wilaya nzima ilikuwa na nafasi moja. Fomu halisi, yenye mhuri wa shule, ilitakiwa kumfikia mwalimu wa hesabu Ijumaa kabla ya saa kumi alasiri, la sivyo nafasi angepewa aliyeshika namba mbili. Na Kidoti aliihitaji nafasi ile. Shule yake ilikuwa imeishiwa cha kumfundisha; mwalimu mwenyewe alikiri kwamba siku hizi anampa chaki na kwenda kukaa nyuma. Kwa ajili ya hilo mama alikuwa tayari kumeza maneno yake yote. Alikuwa tayari kabisa, mpaka alipofika kipengele cha saba: "Elezeni kwa ufupi asili ya kipaji cha mtoto."

Jalada akamwita dada yake. Shangazi mtu alifika na mkoba mkubwa na kidevu juu. Huyu hakuwa mtu wa kuketi tu. Alijiweka kwenye kiti, na kiti kilitakiwa kushukuru.

"Andika habari za baba," alimwamuru kaka yake. "Andika kwamba marehemu alikuwa anakutajia saa bila kutazama saa."

"Wifi," mama akasema, "marehemu alikuwa anakaa karibu na king'ora cha kiwanda."

"Kijicho hicho."

"Mtaa mzima ulikuwa unataja saa."

Jalada aliandika mistari mitano kuhusu baba yake. Mkewe akamnyang'anya kalamu, akaikata mistari hiyo, akaandika pembeni habari za jicho lake na vipande vya vitambaa. Shangazi akasema ushonaji ni kazi ya vidole, akili haipiti vidoleni. Jalada akayafuta ya mkewe. Mkewe akachukua kipande cha karatasi, akaandika upya kwa herufi kubwa, akakibana kwenye fomu kwa pini ya nguo.

Katikati ya vita hivyo Kidoti alipita kwenda kunywa maji. Akasimama na kikombe mkononi, akawatazama mmoja mmoja.

"Mmefika cha ngapi?"

"Cha saba," baba yake akajibu. "Usituharakishe. Haya ni mambo ya wakubwa."

Kidoti akanywa maji yake, akasuuza kikombe, akarudi chumbani.

Alhamisi asubuhi fomu ilikuwa inafanana na ukuta wa choo cha stendi. Jalada akasema ataipeleka ofisini aitengeneze. Ijumaa saa saba alipita kibandani akaacha bahasha ya kaki iliyofungwa vizuri, akamwambia mkewe aipeleke shuleni, akarudi kazini anapiga mluzi.

Mama aliifungua. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuona tu kama maneno yake yamebaki. Hayakubaki. Yalikuwa yamefunikwa na karatasi nyeupe, na juu yake babu anataja saa kwa mistari minane sasa. Lakini hilo halikumshtua kama lile la pili. Mhuri wa shule ulikuwa doa la kijivu. Alichoshika kilikuwa nakala.

Alikwenda ofisini na futi shingoni. Jalada alikuwa nyuma ya kaunta, anapuliza vumbi kwenye mhuri wake.

"Fomu iko wapi?"

"Iko salama." Akainama, akatoa jalada jipya kabisa. Juu yake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: KIDOTI, AKILI, ASILI YAKE. Ndani, namba moja, ilikaa fomu halisi. Jina la mtoto lilikuwa limegongwa IMEPOKELEWA, na tundu moja lilipita katikati ya mhuri wa shule.

"Wanataka halisi," mama akasema. "Imeandikwa hapo juu. Hukusoma?"

"Halisi haitoki, mama Kidoti. Huo ndio utaratibu. Hata mkurugenzi anapewa nakala."

Miaka yote alikuwa akimdharau mumewe bila haraka, kama mtu anayefuma. Wakati ule alimchukia. Alipita nusu ya mwili juu ya kaunta, akaing'oa fomu kwenye kamba, ikatoka na mchaniko mrefu, akakimbia. Jalada alimfuata barabarani na jalada tupu kwapani.

"Basi nisainie!" alikuwa akipiga kelele. "Nisainie kwamba umeitoa!"

Walifika shuleni saa tisa na nusu, wakaelekezwa kwenye darasa tupu la watoto wadogo. Mwalimu wa hesabu, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, aliipokea ile karatasi kwa ncha za vidole viwili. Akatazama matundu. Akatazama pini.

"Hii ni nini?"

"Ni fomu ya Kidoti," mama akasema. "Mwalimu, nakuomba. Makosa ni yetu, usimwadhibu mtoto. Nipe nyingine nijaze hapahapa, nitapiga magoti kama unataka."

"Fomu ya Kidoti nimeipeleka wilayani tangu Jumatano asubuhi," mwalimu akasema. "Aliileta imejazwa, na sahihi yako iko chini. Si uliweka wewe?"

Mama akakumbuka upindo. Akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani, na machozi yakamtoka kwa nafuu. Nafasi ilikuwepo. Mtoto hakupoteza kitu.

"Sasa hii?" Jalada akauliza.

"Aliniomba mbili. Nikamuuliza ya pili ya nini. Akasema ni ya wazazi, wapate ya kugombania, wasije wakaigusa ile yake."

Mama akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Kipengele cha saba alijibuje?"

Mwalimu alisita kidogo, kisha akatoa nakala mezani akawasogezea. Mwandiko ulikuwa mdogo, umenyooka. "Sijui. Nyumbani wanaitafuta kila siku. Mimi hawajaniuliza kitu. Kama inawezekana, naomba nikae bweni hata wakati wa likizo."

Mama aliisoma mara mbili. Mstari wa mwisho ulimchoma pale ambapo hakujua kuna nyama. Jalada alikuwa bado ameinamia karatasi, mdomo wazi, na mkewe akadhani kwa mara ya kwanza maishani mtu huyu amesoma kitu na kimemwingia.

"Unauona mwandiko?" Jalada akasema. "Kwetu wote tunaandika hivi."

Mkewe akamgeukia amtie adabu. Alikuwa ameshafungua mdomo, na neno lake lile moja lilikuwa tayari ulimini, pale kengele ilipolia na watoto wakamwagika nje. Kidoti alisimama mlangoni na mkoba mgongoni. Aliwaona. Aliona fomu iliyochanika, pini, jalada tupu, mama yake amejikunja kwenye dawati la mtoto wa miaka saba. Hakushangaa. Aliwatazama bila haraka, akawasubiri kidogo.

"Mmemaliza?" akauliza, polepole, kwa upole.

Baba yake akanywea. Mama akafumba mdomo. Sauti ile aliijua, na safari hii hakukuwa na haja ya kubishana imetoka upande upi.