Mpini wa Turubai

"Tia mkono, mzee," nilimwambia. "Tia mkono kwenye ndoo, halafu shika kisu hiki."

Ndoo niliitua juu ya meza ya donati, katikati ya mkutano wa wahunzi. Ilikuwa imejaa maji ya barafu, ute na matumbo ya samoni niliyoyazoa asubuhi ile kwenye kiwanda cha samaki alikofanya kazi dada yangu. Wanaume wazima wenye ndevu na aproni za ngozi, watu wasiokunja uso mbele ya chuma chekundu, walirudi nyuma na vikombe vyao vya kahawa.

Orrin Tackett, mwalimu wangu, hakurudi nyuma. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyedeka.

"Greta, binti yangu, twende nje tuzungumze."

"Hapahapa."

Dada yangu Kaisa alikuwa akikata minofu pale Astoria, mji wa bandari, tangu alipomaliza shule. Barafu ilikuwa imekula hisia za vidole vyake viwili vya mkono wa kulia. Ungeweza kuvichoma sindano naye akaendelea kupiga soga. "Hivi viwili ni vya maonyesho tu, mdogo wangu," alizoea kusema. Mimi sikucheka sana. Mkono usiohisi haujui kwamba mpini umeanza kuteleza. Kwa hiyo niliamua kwamba kisu changu cha kwanza kupigwa muhuri wa jina langu kitakuwa chake.

Bapa nililifua kama Orrin alivyonifundisha. Mpini nilijifundisha mwenyewe. Nilikata turubai kuukuu vipande, nikavilowesha gundi ya resini, nikavipanga tabaka juu ya tabaka na kuvibana kwenye jiliwa hadi vikawa kibao kimoja kigumu, rangi ya matope. Ukiwa mkavu, mpini huo haupendezi hata kidogo. Lakini usipoupiga msasa laini, nyuzi za turubai hubaki zimesimama, na zikilowa, hukamata kiganja kama paka anayeogopa kuanguka. Mbele nilichonga kinundu, ili mkono usipite kwenda kwenye makali.

Nilipokimaliza, Orrin alikigeuzageuza mkononi.

"Chuma safi. Nani kakufundisha?"

"Wewe."

"Sasa mbona umekivalisha gunia?"

"Dada yangu hakati samaki wakavu, mzee."

"Plastiki ni plastiki, Greta, hata uivishe suti."

Nilicheka. Siku zile bado nilikuwa nacheka naye. Ndiye aliyenifungulia karakana yake wakati wahunzi wenzake walipodhani nimekuja kuwauzia biskuti.

Desturi yao ni kwamba mwalimu hukiweka kisu cha kwanza cha mwanafunzi kando ya visu vyake mwenyewe kwenye maonyesho ya mwaka. Wiki ile homa ilinilaza. Orrin akachukua kisu, akasema nisijali, atakifikisha salama. Majaji wa pale huvaa glavu nyeupe za pamba wasiache alama za vidole. Hushika kisu kwa ncha za vidole, hukiinua kwenye taa, husifu, hukirudisha kwenye mahameli. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukilowesha kisu. Changu kilipata utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza, na Jumapili Orrin mwenyewe alikipeleka kwa Kaisa, kimeviringishwa kwenye ngozi laini.

Jumatatu, kabla ya chai, kisu kiligeuka kiganjani mwake. Vile vidole viwili havikusema kitu. Mkono ukateleza mbele, ukapita juu ya makali niliyoyanoa mimi hadi yakawa yananyoa nywele, ukakatika kano za vidole vitatu vilivyokuwa vizima.

Nilimkuta hospitalini, mkono umefungwa mzito kama mkate uliofunikwa uumuke.

"Sasa vyote ni vya maonyesho," alisema. Halafu, kwa sababu ni Kaisa, akajaribu kunifurahisha: "Lakini ni kizuri, wewe! Mpini unang'aa kama fidla."

Sikumwelewa. Mpini wangu haukung'aa. Nikafungua mfuko aliokuja nao, nikakitoa kisu. Turubai langu halikuwepo. Orrin alikuwa ameling'oa, akaweka mti wa mepo, ule wa thamani wenye mafundomafundo, akaupiga msasa na kuupaka mafuta hadi nikauona uso wangu humo. Kinundu hakikuwepo pia; machoni pake kiliharibu umbo. Kwenye bapa, palepale nilipouacha, ulikuwepo muhuri wa jina langu.

"Nilikutendea wema," alisema sasa, mbele ya ndoo, mbele ya watu wote. "Kile kigunia chako wasingekitazama mara mbili. Mimi nimekupa jina."

"Jina langu limeshonwa kwenye mkono wa dada yangu."

"Ajali ni ajali."

"Tia mkono."

"Msichana, mheshimu mwalimu wako," alisema mtu nyuma yangu.

Nadhani ilikuwa kiburi. Orrin alikunja mkono wa shati, akauzamisha kwenye ute hadi kifundoni, akautoa unachuruzika, akashika kisu. Akakaza ngumi. Kisu kikajigeuza, kikamtoka kama samaki hai, kikachoma sakafu ya mbao katikati ya viatu vyake.

Angesema neno lolote pale, lolote la kibinadamu, ningechukua ndoo yangu nikaenda. Alitoa leso, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Inahitaji nta kidogo tu," alisema.

Nta!

Nilikichomoa kisu sakafuni, nikalibana bapa kwenye jiliwa ya maonyesho, nikachukua nyundo ya kwanza iliyokuwa karibu, na nikaupiga ule mti mzuri hadi ukapasuka. Vipande viliruka hadi kwenye kahawa. Niliondoka na bapa tupu mkononi.

Wahunzi walituma ujumbe: nimwombe Orrin radhi mbele ya mkutano, la sivyo hakuna mwalimu atakayenipokea, wala meza kwenye maonyesho yao. Kaisa mwenyewe alinisihi. "Yaseme tu, mdogo wangu, yapite. Unapenda kufua kuliko kula." Sikuyasema. Leo nafua kwenye banda nyuma ya nyumba ya mama, na wakata samaki wa pwani hii yote wanalijua banda hilo. Wahunzi nao sasa wamegundua turubai na resini. Wanaipaka rangi za peremende na kuing'arisha kama kioo. Hata Orrin anayo mezani kwake. Inateleza vilevile.

Alipiga simu juzi. Sauti imezeeka.

"Watu bado wanasubiri uniombe radhi, Greta. Mimi nilishakusamehe zamani."

"Sikukuomba."

"Ulinivunjia heshima mbele ya wanafunzi wangu."

"Niliuvunja mpini."

Alivuta pumzi. "Dada yako hajambo?"

"Anaandika kwa mkono wa kushoto."

Nilisikia kiti chake kikilia.

"Basi sema neno moja tu, binti yangu, tuzeeke kwa amani."

"Hapana, mzee. Siombi radhi."