Maneno Niliyomtia Marita Kinywani

Wanaosema Marita aliua waume zake, neno hilo wamelitoa kinywani mwangu. Nalitaja mapema nisije nikapata ujanja wa kulizungusha.

Mwaka tisini na saba nilikuwa mtafsiri kwenye banda la video hapa Tunduma. Filamu ikianza, nakaa kando ya televisheni na maiki, nawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili: wanaume, wanawake, mpaka mbwa. Siku moja ikaja kanda kutoka ng'ambo ya mpaka, na nyota wake alikuwa wetu. Marita, binti wa Kinamwanga, alikuwa ameolewa Kitwe, Zambia, na kuwa mwigizaji mkubwa huko. Alivaa glavu nyeupe hadi viwikoni, gauni la kumetameta, na alitembea utadhani hajawahi kubeba ndoo. Watu walichungulia hadi kwenye nyufa za mbao.

Filamu ilikuwa ya Kibemba. Kibemba changu kilikuwa cha sokoni: salamu, bei na matusi mawili. Marita alipopiga magoti kwenye jeneza la mumewe akanong'ona, sikuambulia kitu, na mtafsiri hanyamazi. Nikabana sauti: "Nenda salama, baba. Na wewe ni wa tatu." Walicheka mpaka benchi likavunjika. Nilijiona mfalme.

Mwaka uliofuata mume wake wa kweli akafariki. "Si alisema mwenyewe?" watu waliambizana. "Tulimsikia. Huyu ndiye wa tatu." Nilinyamaza, na kila mwaka ulivyopita ikawa vigumu zaidi kusema.

Juzi alifiwa na mdogo wake, Masumbuko. Marita alikuja, mama wa miaka sabini na mbili, wanja bado umekaa sawasawa. Wanawake walikuwa ndani na marehemu, lakini Brenda, binti wa marehemu, akamzuia mlangoni. Akakalishwa nje kwenye viti vya wanaume, naye akakaa wima tu. Nikainuka, nikamwambia Brenda yote mbele ya Marita.

"Mzee Osward, haya unayasema leo?" Brenda aliuliza. "Wiki tatu hospitali, baba alinikataza nisimpigie shangazi simu. Aliogopa asije akawa wa nne." Akafungua mlango, akasogea pembeni, akilia.

Marita hakuingia. Alinigeukia.

"Pale kwenye jeneza nilisema, 'Nisubiri, nakuja.' Basi." Akaniuliza: "Masumbuko alikuwepo bandani siku hiyo?"

"Alikuwepo, dada. Alikaa mbele."

"Alicheka?"

Nilitamani kumdanganya. Kutunga ndiyo kazi niliyoizoea.

"Hakucheka," nikasema. "Alinisubiri mlangoni mpaka watu wote wakaisha. Akaniuliza, 'Kaka, kweli dada kasema hivyo?'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, ndivyo alivyosema."